Namba Moja, Mtu Mmoja

Jumatatu, 5 Novemba 2018

Mvua asubuhi, jua saa nne, mvua tena. Kule Katubuka wameng'oa bikoni mbili za mpaka nilizoziweka Julai. Moja imegeuzwa jiwe la kufulia. Nimeipiga picha, na sabuni juu yake. Ndiyo kazi ya mpimaji ardhi.

Nyumbani kelele. Gervasi, mwenye nyumba wangu, ana chumba cha gemu pale mbele — runinga tano, mashine tano. Mimi nimepanga vyumba viwili vya nyuma. Kati yetu ni ukuta wa tofali moja, plasta upande wake tu. Miaka mitatu nimesikiliza mpira wa Ulaya kupitia ukuta huo. Sasa ananiletea vita.

Ni gemu jipya. Jina lake la Kiingereza ni refu, Gervasi ameandika KIKOSI kwenye kibao, basi. "KIKOSI — VITA YA KISASA — BURE DUNIANI KOTE." Linafunguliwa kesho saa kumi na mbili jioni, nchi zote kwa pamoja. Ni giga arobaini na nane. Ameanza kulishusha Alhamisi, leo limefika asilimia sabini na moja. Anayefungua hata picha ya WhatsApp hapa uani anafokewa.

Agnesi, mke wa Gervasi, ana mgeni. Anaitwa Regina, Mrundi, katoka kambini Nyarugusu kwa kibali cha wiki mbili. Mkono wa kulia ulivunjika zamani ukaunga vibaya, anakwenda hospitali kufanyishwa mazoezi. Shangazi yake Agnesi aliolewa ng'ambo ya mpaka, kwenye ukoo wa huyu Regina. Wamenieleza mara mbili, sikushika. Kaniamkia vizuri, kwa sauti ya chini. Kibali kinaisha tarehe 17.

Jumanne, 6 Novemba

Saa kumi na moja chumba kilishajaa. Wanaume watu wazima. Feliksi, fundi wa injini za boti kule Kibirizi, alikuja na shati la kanisani. Kwanza ugomvi: kibao kinasema bure, kwa nini walipie kiti? Gervasi akasema gemu ni la bure, kiti ni chake. Dakika ishirini za hilo.

Saa kumi na mbili kamili ikatokea picha ya askari na maandishi: watu 61,204 mbele yako. Wakakaa wakiiangalia namba. Na mimi nikasimama mlangoni kuiangalia, namba huwa zinanivuta. Saa moja ilikuwa 61,988. Foleni inayorudi nyuma sijapata kuiona, hata benki mwisho wa mwezi.

Regina alikuwa anapita na beseni, akasimama. Akauliza, hili si mtoto wa lile la zamani? Nikamwambia silijui la zamani wala jipya. Akasema la zamani yeye analijua. Akaenda zake na beseni lake.

Jumatano, 7 Novemba

Limeanguka. Siyo hapa tu, kote. Kampuni imeomba radhi kwa Kiingereza kirefu, habari za seva. Ili wateja wasitawanyike, Gervasi kaweka tangazo la gemu kwenye spika ya nje: risasi, helikopta, mtu anafoka. Mtaa mzima wa Gungu unasikia. Nilidhani mama wa Kikongo anayekaanga mihogo mkabala na sisi atafunga biashara akimbie. Kaomba waongeze sauti, wateja wake wamezidi. Aliyekwenda kulalamika ni mimi. Gervasi kapunguza, kanipa soda. Sipendi soda.

Jioni, kwa kukosa la kufanya, wakarudi kwenye gemu la zamani. Regina akaomba pedi ya kuchezea. Wakacheka kidogo, kwa adabu. Akailaza pedi pajani, maana kidole gumba cha ule mkono mbovu kinafikia kitufe kimoja tu. Akawaua wote. Feliksi mara nne. Baadaye akamwambia kwa upole kuwa anajificha nyuma ya dirisha lile lile kila siku.

Ndipo nikajua habari zake. Yeye na mumewe, Anatoli, walikuwa na chumba kama hiki kule Buyenzi, Bujumbura. Mashine mbili, intaneti ya jirani. Wakishafunga, wanacheza wao wawili, kila mmoja na akaunti yake. Mei 2015, machafuko yalipozuka, yeye alitoka na watoto kwa mguu mpaka Kagunga, kisha meli. Anatoli alibaki nyuma siku mbili auze mashine. Hajaonekana tena.

Alhamisi, 8 Novemba

Foleni 12,440. Kisha umeme ukakatika. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 9 Novemba

Foleni imekwisha, sasa kuna mlango. Mlango unadai namba ya simu. Unaandika namba, wanatuma tarakimu sita, unaziingiza. Namba moja, mtu mmoja — eti wadanganyifu wasifungue akaunti mpya kila wakifukuzwa. Gervasi akaweka yake: haikubaliki. Ya Agnesi: haikubaliki. Ya Feliksi, ya mama wa mihogo, ya katekista. Namba kumi na moja. Kila aliyepita barabarani alitoa namba yake, wala hakuuliza ya nini.

Wakaniita nisome Kiingereza. "Mama Mpimaji, hebu tuonee wanataka nini hawa." Nikasoma. Laini za vocha hawazitaki. Wanataka laini ya mkataba, ya kulipia mwisho wa mwezi. Feliksi akauliza, kwani kuna mtu anaongea kwanza halafu ndiyo analipa?

Yupo. Ni mimi. Ofisi ilitupa wakuu wa vitengo laini za namna hiyo, mkurugenzi asikose kutupata. Sikusema. Nikarudisha miwani mfukoni nikaenda kupika.

Jumapili, 11 Novemba

Baba Neema, mume wangu, kapiga simu kutoka Same, kama kila Jumapili. Mbuzi kazaa. Wawili. Nikauliza rangi, akanitajia rangi. Tukaagana.

Mchana Agnesi kaniletea migebuka na ugali wa muhogo, nikajua kuna ombi. Kaja na Regina. Kumbe Agnesi ameshtukia kwamba sijawahi kununua vocha. Regina kaeleza kwa mpangilio, laiti mafundi wangu wangeeleza kazi hivyo. Gemu la zamani linazimwa Ijumaa, tarehe 16, saa tisa alasiri kwa saa zetu. Orodha za marafiki tayari zimefungwa, hazionekani. Ukihamishia akaunti yako kwenye Kikosi kabla ya saa hiyo, marafiki wanahama nayo. Ukichelewa, wamefutwa. Akaunti yake ya Buyenzi bado inafunguka, neno la siri analikumbuka. Katika miaka mitatu ya kambini hakupata mashine, na kusema kweli hakuwa amefikiria. Humo ndani ana rafiki mmoja tu, jina lake la kuchezea Tolibuyenzi. Ni Anatoli. Na kando ya jina la rafiki huandikwa siku ya mwisho aliyoingia.

Nikauliza, na ikiwa imeandikwa Mei 2015?

"Basi nitajua hilo."

Shemeji zake kambini wanataka kumaliza msiba wa Anatoli mwezi wa kumi na mbili. Wao wanaita kuganduka. Pombe imeshapangiwa. Baada ya hapo Anatoli ni marehemu, Regina ni mjane, na kuna shemeji mmoja ana mipango yake. Wanangoja yeye akubali tu. "Siwezi kumaliza kumlilia mtu sijui alipo, dada." Watu wa kutafuta ndugu wameandika jina la Anatoli mara mbili, majibu hakuna.

Nikamwambia namba ni ya ofisi. Kasema anaelewa. Na kweli alielewa, ndicho kilichoniudhi. Nimekula migebuka yao yote. Nimeona haya.

Jumatatu, 12 Novemba

Asubuhi nilimwachia Gervasi simu yangu. Nilikuwa nakwenda Ujiji kwenye mgogoro wa viwanja, na huko huwa sipokei simu. Nikamwambia, hii ni ya Regina. Akasema nimeelewa, Mama Mpimaji. Regina alikuwa hospitali mpaka saa nane.

Nimerudi saa kumi. Nimewakuta wamekaa kama wamefiwa. Gervasi hakumngoja Regina. Saa nne aliingiza namba yangu kwenye akaunti ya chumba, ile wanayoichezea wote, akapokea tarakimu sita, akafungua. Alidhani mlango ukishafunguka wanapita wote, Regina akiwa wa kwanza. Regina alipoiweka kwenye akaunti yake, ikaandika: namba hii ina mwenyewe.

Simwelewi, halafu namwelewa. Hapa uani namba moja inatosha mtaa. Hospitali wanampata Regina kwa simu ya Agnesi. Wanaotoka Manyovu wanamtafuta katekista kwa simu ya Gervasi. Simu ikiita, anatumwa mtu kumwita mwenye shida, anakuja amejifunga taulo, anaongea. Hakuna aliyewahi kuambiwa namba imejaa.

Lakini nilikasirika. Nilisema maneno ambayo mpangaji hamwambii mwenye nyumba. Gervasi alikaa kwenye kreti ya soda, kofia mkononi. Aliyemtetea ni Regina. Akasema Gervasi alikuwa anamtengenezea njia. Agnesi hakumpakulia mumewe chakula.

Jumanne, 13 Novemba

Nimewaandikia kampuni, Kiingereza changu chote. Jibu limekuja hapo hapo: wananishukuru kwa kuwa askari wao. Namba inaweza kuachiliwa baada ya siku tisini.

Gervasi kaifunika mashine yenye Kikosi kwa kitenge. Hataki mtu aichezee. Kabla hajaifunika Feliksi alipata dakika kumi: askari wanazama kwenye lami mpaka shingoni, mmoja alipigana bila kichwa na akashinda. Kasema kwa kitu cha bure si haba.

Regina kafua mapazia yangu. Sikumwomba.

Jumatano, 14 Novemba

Laini kama yangu ofisini ziko saba. Wenzangu watano wako semina Dodoma, simu zao zimezimwa. Anabaki bosi, Bwana Mwinshehe, mtu wa Morogoro, mtu wa faili. Wiki iliyopita kwenye kikao alisema mkimbizi akikutwa mjini bila kibali arudishwe na mwenyeji wake aandikwe. Regina kibali anacho. Lakini ni cha mkono, siyo cha gemu.

Nilikusudia kusema kweli. Nilikuwa na kweli yangu mpaka mlangoni kwake. Kisha nikamwambia naomba namba yake mara moja kwa usajili wa programu mpya ya ramani. Miaka ishirini na moja kazini sijadanganya hata sentimita. Uongo ulitoka umenyooka, na jina la programu ndani yake. Kasema sawa, kesho saa tano.

Nilitoka nikafunga mlango taratibu. Halafu nikasikia njaa.

Alhamisi, 15 Novemba

Saa tano, ofisini kwa Bwana Mwinshehe. Simu yake mkononi mwangu wa kulia, yangu kushoto, Gervasi upande wa pili kule Gungu, Regina mbele ya runinga. Tarakimu zikaja. Nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gervasi akasema, "Mama Mpimaji, umeme."

Tarakimu zinaishi dakika kumi. Umeme ulirudi baada ya saa mbili, Bwana Mwinshehe alishakwenda msibani Mwanga, hapa hapa mjini. Kabla hajaondoka aliniuliza programu ya ramani ina shida gani na umeme wa Gungu. Nikasema seva. Nimegundua neno hilo linafaa kwa kila kitu.

Jioni Regina kanikuta bombani. Kasema nisijihangaishe zaidi, nimeshafanya. Nikamwambia kesho bado ipo. Nilimwambia kwa ukali, sijui kwa nini. Kasema "Ego", ndiyo ya kwao, na kunishikia ndoo kwa mkono mzima.

Ijumaa, 16 Novemba

Saa 7:40 mchana. Naandika Ujiji, nimesimama, daftari juu ya tanki la bodaboda. Bwana Mwinshehe alikuwa hapa kwenye viwanja, katikati ya familia mbili zinazogombana. Nimemfuata mpaka hapo hapo. Akanipa simu bila kunitazama. "Aikande, siulizi. Ila hiyo programu isije ikanitafuta." Tarakimu zimekuja 7:32. Nikamsomea Gervasi moja moja, taratibu, kama koodineti. Akazirudia zote. Kisha nikamsikia Agnesi anapiga kigelegele. Imekubali.

Saa 8:15. Gungu. Bado kuna foleni nyingine, ya kuhamisha. Watu 2,918 mbele yetu. Gervasi kafunga chumba, kawaambia wateja leo hakuna gemu. Feliksi peke yake yuko nje ukutani. Kaleta jenereta ndogo ya boti kutoka Kibirizi, anaiungurumisha tangu saa sita, umeme ukikatika tusikatike. Hakuna aliyemwomba. Moshi wote unaingia chumbani kwangu.

Saa 8:31. 1,460. Inapungua. Nimepiga hesabu: ikienda hivi, tunafika dakika kumi na tatu kabla. Sijamwambia mtu.

Saa 8:44. 702. Imesimama. Nimekosea hesabu, au wao wamekosea foleni. Regina ameshika pedi pajani tangu nilipofika. Agnesi anataka kumsuka nywele ili asikae hivi hivi. Kakataa. Mabasi ya Kasulu ni kesho saa kumi na mbili asubuhi, begi lake liko mlangoni tayari.

Saa 8:52. 88.

Saa 8:55. Tumeingia. Askari, bendera, muziki. Gervasi kapunguza sauti bila kuambiwa. Mstari wa bluu unajaa taratibu. "Marafiki wanahamishwa: 0 kati ya 1." Nimesimama kama mtu mwenye shughuli humu.

Saa 8:58. 1 kati ya 1.

Saa 9:06. Niandike kwa mpangilio.

Jina lipo. Tolibuyenzi. Kando yake hakuna tarehe. Agnesi akauliza tarehe iko wapi, au hajawahi kuingia? Gervasi akainuka. Kuna kidoa cha kijani mwanzoni mwa jina. Akakaribia runinga, akakigusa kwa kidole kama uchafu. Akasema tarehe huandikwa kwa ambaye hayupo. Huyu yupo. Amekaa mbele ya mashine sasa hivi, mahali fulani.

Agnesi akaanza kulia na kumshukuru Mungu kwa Kiha. Mimi pia nilifurahi, sitaficha, nilimshika Regina bega. Bega lilikuwa gumu. Gervasi kwa haki akasema asikimbilie, akaunti huuzwa, yeye mwenyewe amewahi kununua moja ya mtu wa Bukavu na kuitumia na jina lake. Anaweza kuwa mtu yeyote.

"Labda," kasema Regina.

Chini ya jina pameandikwa: tuma ujumbe. Kidole chake kiko juu ya kitufe, kile kimoja anachokifikia. Hajabonyeza.

Saa 9:11. Regina kauliza, na yeye ananiona kuwa nipo?

Gervasi kasema ndiyo. Tangu lilipohama jina lako. Kwake imelia kengele, limeandikwa jina lako kubwa katikati ya kioo, kwamba rafiki yako ameingia.

"Saa ngapi?"

Saa tisa kasoro mbili, kasema Gervasi.

Regina katazama saa ya ukutani. Wote tumeitazama. Agnesi ameacha kulia.

Saa 9:19. Kidoa bado cha kijani. Dakika ishirini na moja sasa, na upande wa pili hakijaandikwa kitu.